Betri Haijafa Mpaka Ipimwe

Katika nchi yetu hakuna marehemu anayezikwa angali hai kama betri. Simu ikizimika kabla ya jioni, betri imekufa. Pikipiki ikikataa kuwaka asubuhi, betri imekufa. Taa ikififia saa tano usiku mtumbwi ukiwa katikati ya ziwa, betri imekufa. Hukumu hutolewa papo hapo, bila shahidi na bila kipimo, na mara nyingi hutolewa na mtu yule yule aliye na betri mpya ya kuuza. Nimefanya kazi ya ualimu kwa zaidi ya miaka thelathini, darasani, katika ofisi ya mkuu wa shule na katika chuo cha ualimu, na sasa nimestaafu huku kando ya Ziwa Victoria. Nathubutu kusema kwamba neno hilo moja, "imekufa", limetugharimu fedha nyingi na limetufunza uvivu mkubwa wa akili.

Najua wapo watakaocheka. Watasema mzee wa miaka sabini na kitu amekosa la kuandika hata anagombana na betri. Ndugu msomaji, nivumilie. Ukitaka kujua taifa linafikirije, usisikilize hotuba zake. Litazame linavyotafuta ubovu wa kitu kilichoharibika.

Tuanze na ziwa letu. Kwa miaka mingi dagaa wa Ziwa Victoria walivuliwa kwa karabai. Usiku wa giza wavuvi walizishusha karabai zao juu ya maji, wadudu na viumbe wadogo wakaifuata nuru, dagaa nao wakafuata chakula chao, na nyavu zikafanya kazi iliyobaki. Aliyewahi kusimama usiku kwenye mwamba wowote wa Mwanza, akatazama kuelekea Ukerewe, anajua ninachosema: ziwa lilionekana kama mji uliowashwa taa. Karabai ilikula mafuta ya taa, na mafuta ya taa yalikula faida ya mvuvi. Katika miaka ya 2010 zikaenea taa za LED zinazotumia betri, na betri hizo huchajiwa kwa paneli za sola au kwa umeme wa gridi. Hata upande wa Kenya, pale Mbita, kampuni ya OSRAM ilifungua mwaka 2008 kituo cha kuchaji kwa nguvu ya jua ili wavuvi waachane na mafuta ya taa. Yalikuwa mabadiliko mema. Moshi ulipungua, na vioo vya karabai vilivyopasuka kwa tone la maji vikasahaulika.

Hivyo betri ikawa chombo cha uvuvi, sawa na kasia na nyavu. Lakini tazama tunavyovitendea vyombo hivi kwa tofauti. Nyavu ikichanika, hakuna mvuvi anayesema nyavu imekufa. Huitandaza mchangani, akaipitia tundu kwa tundu, akatafuta mahali ilipochanika, akashona. Anajua kwamba nyavu yenye shimo moja ni nyavu nzima yenye shimo moja. Mtu huyo huyo, mwenye subira hiyo na jicho hilo, akipatwa na matatizo ya betri huitoa mtumbwini kama mzoga na kwenda kukopa fedha za kununua nyingine. Akili ya kuchunguza anayo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba betri nayo hutandazwa na kutafutwa tundu.

Nitoe mfano ninaoujua kwa macho yangu. Jirani yangu mmoja, mvuvi wa dagaa, alinunua betri tatu za asidi za volti 12 katika muda usiozidi miaka miwili. Kila moja ilianza vizuri, na baada ya miezi michache ikawa inazima taa kabla ya usiku wa manane. Kila mara fundi wake, ambaye sitamtaja, aliishika, akaitikisa, akasema imekufa. Alipokuwa anajiandaa kununua ya nne kwa fedha ya ada ya mwanawe, alipita kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Betri tena, Mwalimu. Hizi za siku hizi ni feki zote."

Nilimwuliza swali moja tu: nani ameipima? Hakuna aliyekuwa ameipima. Basi tukaenda na mita yangu ya kupimia umeme, ile ndogo inayouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme kwa bei isiyofikia hata robo ya bei ya betri yake. Saa sita mchana, jua likiwa kali, tulipima kwenye kidhibiti chaji kilichofungwa ukutani karibu na paneli. Mita ilisoma volti 14.3, kama ipasavyo. Kisha tukaenda kwenye kibanda cha nyavu ambako betri ilikuwa imewekwa, tukapima kwenye vichwa vya betri yenyewe. Mita ikasoma volti 13.0. Volti moja na nukta tatu zilikuwa zimepotelea njiani. Zilipotelea wapi? Katika waya mwembamba mrefu wa kengele uliounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa kwa mfuko wa plastiki, na katika kutu ya kijani iliyofunika vichwa vya betri.

Hapo kila kitu kikaeleweka. Kidhibiti chaji hupima kile kilicho mlangoni kwake. Kilipoona volti 14.3 kilidhani betri imejaa, kikaanza kubana umeme. Betri kwa upande wake haikupata kujaa hata siku moja tangu inunuliwe. Ilikuwa kama mtoto anayepelekewa chakula na mjumbe mlafi: mama anajua amempakulia sahani tele, mtoto anapokea ukoko. Tulisogeza betri karibu na kidhibiti, tukaweka waya mfupi na mnene, tukasugua vichwa kwa maji ya magadi na brashi, tukaiacha ichajiwe siku kadhaa mfululizo bila kutumika. Betri ile "iliyokufa" ilirudi ziwani, na ada ya mtoto ikalipwa. Zile mbili za mwanzo zilikuwa zimekwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Huenda nazo zilizikwa zikiwa hai.

Sasa, si kila betri inaweza kufufuliwa, na anayekuahidi hivyo ni tapeli mwenzake yule anayesema zote zimekufa. Ninachodai ni utaratibu. Betri ya asidi ya volti 12 ina seli sita, na kila seli iliyojaa hutoa karibu volti 2.1. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuzidisha: 2.1 mara 6 ni 12.6. Kwa hiyo betri iliyojaa na kupumzishwa saa kadhaa baada ya kuchajiwa husoma kama 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 ni tupu au karibu na tupu. Ikiwa imechajiwa kwa ukamilifu, ikapumzika, na bado ikasoma 10.5, toa hesabu: imepungua 2.1, yaani seli moja imekufa kweli. Hapo una haki ya kulia msiba.

Lakini usomaji wa betri iliyopumzika peke yake hautoshi. Betri ni kama mwanafunzi anayejibu vizuri sana akiulizwa jina lake; mpe kazi ndipo umjue. Unganisha taa, iache iwake dakika kumi, kisha pima tena taa ikiwa inawaka. Betri nzima itashuka kidogo na kutulia. Betri mgonjwa itaporomoka. Ile yenye vifuniko vinavyofunguka ichunguzwe pia kwa haidromita, kile kipimo cha kioo kinachonyonya asidi na kuonyesha uzito wake. Seli iliyojaa husoma karibu 1.27, seli tupu hukaribia 1.12. Seli moja ikitofautiana na wenzake kwa zaidi ya 0.05, umempata mwizi.

Jambo hili la volti zinazodanganya halihusu mvuvi wa Mwanza tu. Mjukuu wangu aliyeko Uingereza alinisimulia juu ya mchezo wa vijana wa huko wa kupigana kwa vidonge vya rangi, wakitumia bunduki za hewa zenye kifyatuo cha umeme. Kijana huweka betri ya kuchaji iliyoandikwa volti 9, bunduki inawaka taa yake, akivuta kifyatuo inagoma. Naye pia husema imekufa. Kumbe nyingi ya betri hizo ndani zina seli saba za volti 1.2, jumla yake 8.4 na si 9. Na kifyatuo kinapovutwa, sumaku ya umeme hudai mkondo mkubwa kwa ghafla, volti zikaporomoka chini ya kiwango ambacho chombo kinakubali. Kuwasha kitaa hakuhitaji nguvu, kufyatua kunahitaji. Basi yule wa kule na mvuvi wetu wana kosa moja: wamepima betri ikiwa imelala, wakashangaa imeshindwa ilipoamshwa.

Tena kuna sababu za kifo ambazo ni zetu wenyewe, na hizi nazitaja kwa hasira. Wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa nuru ya mwezi huzidi nguvu taa zao. Basi siku zile betri inarudishwa pwani ikiwa tupu, inasukumwa pembeni, inakaa hivyo siku nane, kumi, mpaka giza lirudi. Betri haijui mbalamwezi. Ikikaa tupu, chembe za salfa zilizoganda juu ya bamba za risasi hugeuka kuwa mawe, na mawe hayo hayarudi kuwa asidi hata uchaji wiki nzima. Mapumziko ya mvuvi ndiyo mauti ya betri. Dawa yake haina gharama: siku ya kwanza ya mapumziko ichaji mpaka ijae, na usiiache bila kuiangalia.

Kosa la pili ni kununua betri ya gari kwa kazi ya taa. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha kujazwa mara moja na injini hiyo hiyo. Bamba zake ni nyembamba. Ukiifanya ikeshe usiku kucha mpaka iishe, kila usiku, unamtwisha mkimbiaji wa mita mia gunia la mahindi. Kosa la tatu ni kuongeza maji ya ziwa, au kuongeza asidi, pale maji yalipopungua. Kinachopungua ni maji, si asidi. Kinachotakiwa ni maji yaliyokenekwa, yale ya chupa, kwa kuwa chumvi za maji ya ziwa huharibu bamba. Yote haya yanaweza kufundishwa kwa alasiri moja chini ya mwembe.

Basi kwa nini hayafundishwi? Hapa ndipo ugomvi wangu hasa ulipo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akiilaumu shule inayomtenga mtoto na maisha ya jamii yake. Miaka mingi imepita. Leo mtoto wa mvuvi anaweza kuandika kwamba Volta alitengeneza betri ya kwanza mwaka 1800 na kwamba Planté alivumbua betri ya risasi inayochajika mwaka 1859, akapata alama zote, kisha akarudi nyumbani na kumtazama baba yake akitupa betri nzima. Anajua nani aliizaa betri, hajui kuipima. Hiyo si elimu, ni ukoo wa watu wengine uliokaririwa.

Nilipata kulisema hili katika kikao kimoja cha waelimishaji. Ofisa mmoja alinijibu kwa upole wa mtu mwenye haraka: "Mwalimu, hayo ni mambo ya mafundi wa mitaani." La hasha! Kuuliza maswali kwa mpangilio, kuanzia rahisi kwenda gumu, kutenga sababu moja baada ya nyingine, kuandika ulichosoma kwenye kipimo na kukataa kuhukumu kabla ya kukiona, hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Kama ni jambo la mitaani, basi shule na ihamie mitaani. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta mkondo wa mafunzo ya amali katika sekondari, na mimi nimeufurahia. Lakini amali isiyo na mita mkononi itakuwa somo jingine la kukariri majina ya vifaa.

Nasikia hoja za upande wa pili. Wanasema mvuvi hana muda. Nami nauliza: ana muda wa kurudi pwani usiku wa manane na mtumbwi mtupu? Wanasema mita ni ghali. Mita moja inatosha kijiji kizima, na kikundi chochote cha wavuvi kinaweza kuichangia kwa mauzo ya ndoo chache za dagaa pale Mwaloni Kirumba. Wanasema bidhaa zenyewe ni mbovu kutoka dukani. Zipo mbovu, sikatai; lakini utazijuaje bila kuzipima? Asiyepima ndiye mteja anayependwa na muuza bidhaa bandia, kwa sababu hawezi kuthibitisha lolote. Pima betri siku ya kununua, mbele ya muuzaji, taa ikiwa inawaka. Utaona namna heshima inavyoongezeka.

Hoja moja naikubali: hatari. Asidi huunguza ngozi na macho, na gesi inayotoka betri inapochajiwa huweza kulipuka kwa cheche. Kwa hiyo hakuna sigara, hakuna chumba kilichofungwa, na macho yakingwe. Na zile betri za lithiamu za simu na za taa ndogo zisifunguliwe kamwe. Ikivimba, usiitoboe, usiichaji, iondoe karibu na kitanda. Kupima si kupasua. Daktari mwema huanza na kipimajoto kabla ya kisu.

Na sasa jambo zito kuliko yote. Betri tunayoitupa haiondoki. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya asidi ni risasi, na risasi ni sumu ambayo Shirika la Afya Duniani linasema haina kiwango kilicho salama katika damu. Anayeumia zaidi ni mtoto, kwa sababu inamharibu ubongo ungali unajengeka. Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegal, watu walikusanya risasi ya betri kuukuu kutoka mchangani, na kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2008 watoto 18 walikufa. Karibu nasi, Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia sumu wakazi. Phyllis Omido aliyepigania haki yao alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2015, mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu mwaka 2024. Fidia haimrudishii mtoto akili yake.

Kwa hiyo kila betri inayozikwa hai kwenye ufuo wetu, na kila asidi inayomwagwa mchangani pale tunapoanika dagaa na kuchota maji, ni deni tunalowaandikia wajukuu. Betri iliyodumu miaka minne badala ya mmoja ni betri tatu ambazo hazikutupwa. Na ile iliyokufa kweli, baada ya kupimwa, irudishwe kwa mnunuzi mwenye kibali ikiwa nzima, asidi yake ikiwa ndani. Isivunjwe kwa shoka nyuma ya nyumba, wala risasi yake isiyeyushwe jikoni kwa ajili ya vizito vya nyavu.

Ninachodai ni kidogo na kinatekelezeka. Kila shule ya mwambao, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe, iwe na mita moja na haidromita moja. Kila mwalimu mwanafunzi wa sayansi asitoke chuoni kabla hajapima betri tatu mbele ya mkufunzi na kueleza ipi nzima, ipi ina njaa tu, na ipi imekufa, na kwa ushahidi gani. Kila kikundi cha wavuvi kiwe na daftari: tarehe, volti kabla ya kuchaji, volti baada ya kupumzika, volti taa ikiwaka. Na kila fundi atakayesema "imekufa" aulizwe, kwa adabu lakini bila woga: umesoma ngapi?

Asiyeweza kutaja namba, asilipwe.